Ng'ombe Hazeeki Maini: Utu Uzima na Ubunifu wa Kila Siku katika Fasihi Simulizi ya Mjini, kwa Mfano wa Mchikichini, Dar es Salaam

Ikisiri

Uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili umezoea kumwona mzee kuwa ghala la hekima, yaani mtu wa kuchotwa kabla hajatoweka. Makala haya yanaupinga mtazamo huo. Kwa kuchunguza msamiati wa utunzi, methali zinazohusu umri, majina ya kanga na mchezo wa bao, yanaonesha kwamba mtu mzima ni mtunzi anayeendelea kutunga, na kwamba utunzi wake una kanuni mahususi: kukipanga upya kilichopo badala ya kuleta kisichokuwapo. Kanuni hiyo inaitwa hapa ubunifu wa mtaji, kwa jina lililoazimwa kutoka katika awamu ya pili ya bao. Mahali panaporejelewa ni Mchikichini, kata ya katikati ya jiji la Dar es Salaam inayopakana na eneo la biashara la Kariakoo. Makala yanahitimisha kwamba kinachotishiwa na mabadiliko ya mji si maneno ya wazee, ambayo yanaweza kuandikwa, bali ni nafasi za kuyatumia.

1.0 Utangulizi

Anayetafuta uzuri katika jiji la Dar es Salaam kwa kawaida haelekezwi Mchikichini. Huelekezwa ufukweni, makumbusho au kwenye maduka ya michoro ya Tingatinga. Mchikichini, katika wilaya ya Ilala, hufahamika zaidi kwa soko lake la mitumba ambalo wengi huliita Karume, kwa vumbi na kwa msongamano. Jina lenyewe, hata hivyo, lina historia nyingine. Limeundwa kwa nomino mchikichi, mti uzaao chikichi na mawese, pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Ni jina la mahali palipotambuliwa kwa mti, kama yalivyo majina ya Mikocheni, Mwembechai na Mnazi Mmoja katika jiji hilohilo. Leo anayelitamka hafikirii mawese. Neno limebaki, kazi yake imebadilika, na kila anayelitumia huitumia mali ya kale kwa haja mpya.

Mfano huu mdogo unalidokeza suala la makala haya. Je, mtu anayeingia katika umri mkubwa, akiwa amezungukwa na vitu, maneno na kazi alizozizoea, ana nafasi gani ya ubunifu? Jibu lililozoeleka ni kwamba mzee huhifadhi na kijana hubuni. Makala haya yanadai kuwa mgawanyo huo hauungwi mkono na lugha ya Kiswahili yenyewe, wala na tanzu zake za kila siku. Mjadala ni wa kihakiki na haukusudii kuripoti mahojiano. Matini zake ni zile zilizo hadharani: methali zinazojulikana na wazungumzaji wengi, kanga zinazovaliwa na kuuzwa, kanuni za bao, pamoja na istilahi ambazo wahakiki wenyewe huzitumia darasani.

2.0 Mzee kama Ghala: Udhaifu wa Sitiari

Mwaka 1960, mbele ya UNESCO, mwandishi wa Mali Amadou Hampâté Bâ alikifananisha kifo cha mzee wa Kiafrika na kuungua kwa maktaba. Kauli hiyo ilienea duniani kote, na kwa haki, kwani iliwataka waliodharau maarifa yasiyoandikwa wayaheshimu. Katika Kiswahili imekutana na usemi kwamba wazee ni hazina. Sitiari hizi mbili zimefanya kazi nzuri ya kuhimiza ukusanyaji. Hata hivyo, zina upande wa pili. Maktaba haiandiki vitabu vyake, na hazina haitengenezi dhahabu yake. Anayemwita mzee maktaba humheshimu kwa alichonacho na kumsahau kwa anachofanya.

Athari ya mtazamo huo inaonekana katika kazi ambayo wanafunzi wa fasihi hupewa mara kwa mara: kusanya methali kutoka kwa wazee wa mtaani kwako. Methali hurudi darasani zikiwa zimepangwa kwa alfabeti, zikiwa na maana moja moja pembeni. Kinachokosekana katika orodha hiyo ni aliyesema, aliyeambiwa, saa iliposemwa na kwa nini methali ile ikachaguliwa badala ya nyingine tatu zilizokaribiana nayo. Ruth Finnegan (1970) aliwahi kusisitiza kuwa fasihi simulizi haiwezi kutenganishwa na utendaji wake, na Mulokozi (1989), alipoainisha tanzu za fasihi simulizi, aliuweka muktadha katikati ya uchambuzi. Nadharia, basi, ipo. Kilichosalia ni kuitumia kwa mzee mwenyewe, kumtoa kwenye nafasi ya mtoa data na kumrudisha kwenye nafasi ya fanani.

Upande mwingine wa dunia, swali la umri na sanaa limejadiliwa kupitia dhana ya mtindo wa uzeeni. Theodor Adorno aliianzisha mwaka 1937 kwa kuzitazama kazi za mwisho za Beethoven, na Edward Said akaiendeleza katika kitabu kilichotoka mwaka 2006, baada ya kifo chake. Kwa Said, baadhi ya wasanii wakubwa hawafikii utulivu wanapozeeka, bali hukataa kupatana na zama zao. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inamhusu msanii mwenye orodha ya kazi, mwenye kazi ya kwanza na ya mwisho. Haisemi lolote juu ya bibi anayechambua mchicha barazani huku akimjibu mpitanjia kwa fumbo. Ili kumfikia huyu, mhakiki wa Kiswahili hana budi kuanza na lugha yake.

3.0 Msamiati wa Utunzi na Kazi za Mikono

Istilahi za uhakiki wa Kiswahili zimetoka jikoni, uani na sokoni kwa kiwango ambacho mazoea yametufanya tusikione. Kutunga ni kupitisha uzi katika shanga au maua ya asumini hadi yawe kitu kimoja. Ndilo neno hilohilo la kutunga shairi. Kuchambua ni kutenganisha mbegu na pamba, au majani mazuri ya mboga na yaliyooza. Ndiyo kazi ya mhakiki, na ndiyo kazi ya mnunuzi anayepekua belo la mitumba lililofunguliwa. Kusuka ni kazi ya ukili na nywele, na kutokana nayo wahakiki wamepata msuko, yaani mpangilio wa matukio ya hadithi. Kibwagizo kinatokana na kubwaga, kitendo cha kuutua mzigo. Katika eneo ambalo jina la Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, uhusiano wa kibwagizo na mzigo si wa kubahatisha masikioni mwa msikilizaji: mstari unaorudiwa ni mahali ambapo sauti huutua mzigo ili iunyanyue tena.

Mizani na beti yanahitaji uangalifu zaidi. Maneno haya yametoka katika Kiarabu. Beti linahusiana na neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba, ambalo katika lugha hiyo pia hutumika kwa ushairi. Mizani ni chombo cha kupimia uzito. Katika ushairi wa Kiswahili, mizani imekuwa hesabu ya silabi za mshororo, na urari wa vina na mizani umekuwa kipimo cha ufundi. Mzungumzaji hahitaji kujua asili hiyo ili aihisi. Muuza dagaa anayetazama mshale wa mizani yake na mshairi anayehesabu silabi kwa vidole wanafanya kitendo cha jamii moja: kukadiria kwa jicho au kwa sikio, kisha kuhakikisha.

Hapa ndipo umri unapoingia. Takriban kazi zote zilizotajwa hujifunzwa kwa kurudiwa. Ukili hausukwi vizuri siku ya kwanza, wala mboga hazichambuliwi haraka na mkono mgeni. Kama lugha imeichagua mikono hii kuwa kielelezo cha utunzi, basi imeichagua mikono iliyozoea. Mazoea, ambayo nadharia nyingi za ubunifu huyaona kuwa adui wa upya, katika msamiati wa Kiswahili ni sharti la utunzi. Mkono usipohangaika tena na namna ya kushika, jicho hupata nafasi ya kuchagua.

Msamiati wa umri nao unasema jambo. Kiswahili kina maneno makali, kama kikongwe na ajuza, lakini pia kina utu uzima, dhana inayounganisha utu na sifa ya kuwa kamili, bila kipande kilichopungua. Mtu mzima si aliyechakaa, ni aliyetimia. Usemi kwamba utu uzima dawa unakwenda mbele zaidi, kwa kuwa dawa haikai tu chomboni. Hutumiwa, hupimwa kwa kadiri ya ugonjwa, na ikizidishwa hudhuru.

4.0 Methali za Umri: Ukoko na Maini

Methali mbili zinastahili kusomwa upya kwa jicho hili. Ya kwanza ni jungu kuu halikosi ukoko. Fasiri ya kawaida ni kwamba wakubwa hawakosi la kutoa. Fasiri hiyo si kosa, ila inaligeuza jungu kuwa ghala. Anayejua upishi wa wali anajua kwamba ukoko haukuwekwa chunguni ukiwa ukoko. Kilichotiwa ni mchele, maji, chumvi na pengine tui. Ukoko umetengenezwa na moto uliokaa chini muda mrefu na makaa yaliyopaliwa juu. Ni mchele uleule uliobadilika kwa kubaki karibu na moto kuliko mwenzake, na watoto huugombea kwa sababu una ladha ambayo wali mweupe hauna. Methali, basi, haisemi kwamba mzee amehifadhi kitu. Inasema kwamba kukaa sana motoni huzaa kitu ambacho hakikuwapo mwanzo.

Ya pili ni ng'ombe hazeeki maini. Hutumiwa mara nyingi kwa mzaha, hasa mtu wa makamo anapochumbia au anapoingia ngomani. Mzaha huo umeufunika uchunguzi makini uliomo ndani. Methali hii imetoka buchani. Nyama ya ng'ombe mzee ni ngumu na huchelewa kuiva, ilhali maini yake hubaki laini. Katika lugha, maini ni mahali pa hisia za ndani. Aliyeumizwa sana kwa maneno husema amekatwa maini. Methali inatofautisha misuli na kiungo cha kuhisi, na inadai kwamba uchovu wa kimoja si ushahidi wa uchovu wa kingine. Kwa lugha ya uhakiki, nguvu za utendaji zinaweza kupungua huku uwezo wa kuguswa na kitu kizuri ukibaki vilevile.

Haiwezi kusemwa kwamba methali zote zinamtukuza mzee. Ukubwa jaa humlinganisha mkubwa na mahali pa kutupia taka: kila lawama humwangukia, naye hutakiwa kuvumilia. Kipya kinyemi, ingawa kidonda, hukiri kwa kejeli kwamba watu huvutiwa na upya hata unapouma. Usiache mbachao kwa msala upitao hujibu kwa kutetea mkeka uliochakaa dhidi ya zulia la mgeni. Hizi tatu hazipatani, na kutopatana kwake ndiko kunakomfanya msemaji kuwa mtunzi. Anayejua moja tu hana la kuchagua. Anayezijua zote tatu analazimika, katika nukta ya sekunde, kuamua ipi inafaa kwa nani. Uamuzi huo ndio utunzi, na hauonekani katika orodha ya alfabeti.

5.0 Kanga: Jina Lililochapwa na Jina Lililovaliwa

Kanga ni uwanja ambapo uamuzi huo huonekana kwa macho. Kitambaa hiki cha mwambao, kilichoanza kuenea katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, kina pindo linalozunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina, yaani maandishi yaliyo juu ya pindo la chini. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana, ambavyo mnunuzi hukata na kupinda. Maduka ya jumla ya Kariakoo, hususani Mtaa wa Uhuru, ni kitovu cha biashara hiyo nchini Tanzania. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, kiliifanya kanga kuwa zao la viwanda vya nyumbani.

Saida Yahya-Othman (1997) ameonesha kuwa majina ya kanga huwapa wanawake njia ya kusema yale ambayo adabu inawazuia kuyatamka, na Rose Marie Beck (2001) ameyachunguza maandishi hayo kama mawasiliano yenye kanuni zake. Kwa pamoja, tafiti hizi zimethibitisha kwamba maana ya jina haikai kwenye kitambaa peke yake. Hoja inayoongezwa hapa ni kuhusu umri wa mvaaji na umri wa kanga.

Tuchukue jina lenye methali ya mbacha na msala. Kanga hiyo ikivaliwa na mke kijana, jirani wataitazama na kuuliza nani amekusudiwa, kwa kuwa umri wake unaifanya iwe kauli ya ushindani. Kanga ileile ikivaliwa na bibi wa miaka 70 katika arusi ya mjukuu wake, ushindani huyeyuka. Huenda anamuusia bwana arusi, huenda anajisifu kwa ndoa iliyodumu, na huenda anawacheka wote kwa pamoja. Maandishi hayakubadilika hata herufi moja. Kilichoipanua maana ni miaka ya mvaaji, ambayo hadhira inaijua. Katika istilahi za fasihi, mwili wa mtu mzima umekuwa sehemu ya muktadha wa matini. Kijana huisema kanga, lakini mtu mzima huweza kuiacha iseme mambo matatu kwa wakati mmoja bila kulazimika kukiri hata moja.

Umri wa kanga yenyewe una kazi pia. Kanga mpya ni ngumu kwa wanga na rangi yake inang'aa. Baada ya kufuliwa mara nyingi hulainika, na hapo ndipo hutafutwa kwa kazi za karibu na mwili: kumpokea mtoto, kumbeba, kulalia, kufunika chakula, kutengeneza ngata ya kubebea mzigo kichwani. Hatimaye huwa tambara la jikoni. Katika kila hatua mwenye nyumba huamua kanga ipi imefikia daraja gani. Wengine huiona safari hiyo kuwa ya kushuka. Mtazamo unaofaa zaidi ni kwamba ni mfululizo wa uteuzi, na kwamba ulaini, ambao ndio uzuri wa kanga ya zamani, hauwezi kununuliwa dukani. Hata maandishi yanapofifia kiasi cha kutosomeka, waliokuwapo ilipotoka hulijua jina lake. Msomaji wa matini iliyofutika ni mtu mzima peke yake.

6.0 Namua na Mtaji: Kanuni ya Utunzi

Mchezo wa bao, ambao barazani umekuwa zaidi wa wanaume, unatoa kielelezo cha wazi zaidi. Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji akiwa na kete 32. Mchezo huanza na kete chache ubaoni na nyingi mkononi. Katika awamu ya kwanza, namua, mchezaji huingiza kete moja kwa kila zamu. Daima kuna kitu kipya kinachoingia. Kete za mkononi zikiisha, awamu ya mtaji huanza. Hakuna kinachoongezwa tena. Kila kitakachotokea kitatokana na kete ambazo tayari zimo ubaoni, kwa kuzitoa katika shimo moja na kuzigawa katika mengine.

Mtazamaji mgeni angedhani kwamba awamu ya pili ni ya kumalizia tu. Wachezaji hawaioni hivyo. Mtaji ndiko hesabu ndefu hufanyika, ndiko mkondo mmoja wa kete huweza kuzunguka ubao na kugeuza matokeo, na ndiko mtazamaji hujua nani ni fundi. Jina lenyewe, mtaji, ni neno la biashara: rasilimali ambayo mtu huifanyia kazi. Kiini cha neno si kuhifadhi. Mfanyabiashara anayeufungia mtaji wake kabatini ameufanya ukome kuwa mtaji.

Makala haya yanapendekeza kuuita utunzi wa utu uzima ubunifu wa mtaji. Kanuni yake ni kwamba thamani ya kisanaa hutokana na kuhamisha na kupanga upya, si na kuongeza. Kanuni hii inaeleza kwa nini mzee asemaye methali inayojulikana na wote anaweza kusifiwa kwa kusema vizuri, na kwa nini kanga iliyozoeleka inaweza kushtua mtaa mzima siku ikivaliwa mahali isipotarajiwa.

Pingamizi moja lazima lijibiwe. Inaweza kusemwa kwamba vijana nao hupanga upya, kwani wasanii wa Bongo Fleva huchukua midundo na misemo ya zamani na kuigeuza. Hilo ni kweli, na linaonesha kwamba mtaji si suala la miaka ya kuzaliwa tu. Tofauti ni ya nafasi. Kijana huchukua cha zamani akiwa bado na kete mkononi. Akishindwa, ataleta nyingine. Mtu mzima huchagua akijua kwamba vitu vyake vina idadi. Ujuzi wa idadi hiyo ndio unaoyapa matumizi yake uzito.

Watunzi wawili wanaojulikana wanaipima kanuni hii. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, alichapisha Maisha Yangu mwaka 1949, akatia ndani yake tenzi mbili alizowatungia watoto wake, Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili. Sehemu ya pili ya wasifu wake, iliyounganishwa na ya kwanza na kuchapishwa mwaka 1966, aliipa jina Baada ya Miaka Hamsini. Alikuwa amefariki mwaka 1962, miaka mitatu tu baada ya kutimiza umri huo. Neno baada katika anwani hiyo ni la kuzingatiwa. Halitangazi mwisho wa hesabu. Linaifanya miaka 50 kuwa mlango, na linamwahidi msomaji kwamba kuna kitu upande wa pili wa mlango huo. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 akiwa mkongwe asiyejulikana kwa hakika mwaka wa kuzaliwa kwake, alipata tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Sehemu kubwa ya sifa zake ilitokana na kuimba nyimbo zilizohusishwa na Siti binti Saad, mwimbaji wa kizazi kilichotangulia. Hakuzileta, alizikuta. Sauti iliyokwaruzwa na miaka ndiyo iliyozifanya zisikike kama hazijawahi kuimbwa. Filamu ya mwaka 2006 kuhusu maisha yake ilichukua jina linaloufananisha umri wake na umri wa ulimi wake. Ulimi hutangulia meno na hubaki baada yake, na ni vigumu kupata kipimo kinachofaa zaidi kwa fasihi simulizi.

7.0 Nafasi za Kutungia katika Mji Unaobadilika

Kama utunzi wa mtu mzima ni kupanga, unahitaji mahali pa kupangia. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo na vitongoji vyake, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma na baraza mbele, ilitoa mahali hapo. Baraza halikuwa la ndani wala la nje. Mzee aliyekaa hapo aliweza kuuona mtaa bila kutembea, na mtaa uliweza kumsikia bila kuingia kwake. Ua ulikuwa jukwaa la wanawake: hapo mboga zilichambuliwa, nywele zilisukwa na mafumbo yalirushwa. Tanzu zilizojadiliwa hapo juu zimefinyangwa na umbali huo mfupi kati ya msemaji na mpitanjia.

Nyumba hizo zinaendelea kubomolewa na maghorofa ya biashara kuchukua nafasi yake. Haitoshi kulaumu. Ghorofa huleta kodi, ajira na paa lisilovuja, na wamiliki wengi wameona faida yake. Mhakiki, hata hivyo, ana wajibu wa kutaja kinachopotea kwa usahihi. Anayehamishiwa chumba cha ghorofa ya nne au kitongoji cha mbali haachi methali zake nyuma. Huondoka nazo zote. Anachoacha ni mpitanjia. Amebaki na kete 32 bila ubao.

Soko la Mchikichini linaonesha kwamba nafasi mpya huweza kuzaliwa. Nguo zinazouzwa hapo zilikwisha kuvaliwa mbali, na mafundi cherehani wanaozipunguza, kuzipanua na kuzigeuza hufanya kwa kitambaa kile ambacho mtu mzima hufanya kwa neno. Soko hilo liliungua Januari 2022, miezi michache baada ya moto wa soko kuu la Kariakoo wa Julai 2021. Maneno ya kuuzia, kupatana na kutaniana hayaungui pamoja na vibanda, lakini hunyamaza pale wasemaji wanapotawanyika.

Ni lazima pia kujihadhari na kuupamba uzee usio na hiari. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni jamii wote waliofikisha miaka 70, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Tanzania Bara haina mpango wa namna hiyo kwa wazee wote. Wengi wanaoonekana sokoni wakiwa na mvi hawako pale kwa kutafuta uzuri. Wako pale kwa sababu chakula cha jioni hakijapatikana. Uhakiki unaousifu ubunifu wao ukaisahau njaa yao utakuwa umewageuza tena kuwa ghala, safari hii ghala la kuvutia macho. Wanachostahili ni vyote viwili: riziki, na kutambuliwa kwamba hata katika kuitafuta wanachagua maneno kwa ufundi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili kwamba dhana ya mzee kama hazina, pamoja na heshima yake, imewazuia wahakiki wasimwone mtunzi aliye mbele yao. Msamiati wa utunzi umeonesha kwamba Kiswahili kiliuchukua mkono uliozoea kuwa kielelezo cha sanaa. Methali za ukoko na maini zimeonesha kwamba muda hugeuza na si kuhifadhi tu. Kanga imeonesha kwamba miaka ya mvaaji ni sehemu ya maana, na bao limetoa jina la kanuni yenyewe.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, ukusanyaji wa methali uandamane na kumbukumbu ya tukio: nani alisema, kwa nani, wapi, na methali ipi nyingine ingeweza kusemwa ikaachwa. Kilichoachwa ni data muhimu sawa na kilichosemwa. Pili, wanaopanga masoko na makazi ya mijini wayahesabu mabaraza kuwa miundombinu ya lugha, kama wanavyoihesabu mifereji na taa. Methali zinaweza kupigwa chapa zikabaki karne nyingi. Ukoko haupatikani kwa kuuhifadhi mchele. Unahitaji chungu, moto, na mtu wa kukaa karibu nao.